Nimeombwa kuingia bodi ya kituo cha afya cha jamii (Texas): tupiganie tawi jipya au saa za jioni?

Mama Tausi

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hamjambo. Naomba mnisaidie mawazo, hasa manesi, wakalimani na yeyote aliyewahi kukaa kwenye bodi ya vituo hivi vya afya vya jamii. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo lenyewe linanikosesha usingizi.

Ninaishi Texas, mwaka wa saba sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa. Mwajiri hatoi bima. Wanangu wawili wana Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wenye kipato kidogo, mimi sina, na si kwamba sikuomba. Texas ni mojawapo ya majimbo 10 ambayo mpaka leo hayajapanua Medicaid ili iwachukue watu wazima zaidi wenye kipato kidogo, kwa hiyo mzazi anayefanya kazi, hata kama mshahara wote unaishia kwenye kodi ya nyumba, anahesabiwa kuwa na kipato kikubwa mno.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuumwa kisogo kila asubuhi. Nikasema ni uchovu. Siku moja bibi ninayemhudumia akaniambia hebu jipime na mashine yangu. Ikasoma 196 kwa 112. Nikahamia mkono wa pili, ikasoma vilevile. Jioni hiyo nikaenda emajensi ya hospitali moja kubwa, nikakaa saa sita, nikapewa kidonge, presha ikashuka kidogo, nikaambiwa nikamwone daktari wangu. Daktari wangu yupi? Sikuwa na daktari, ndiyo maana nilikuwa pale. Wiki tatu baadaye ikaja bili ya dola 3,870. Bado naikata dola 50 kila mwezi.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Bukavu tunayesali naye. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kituo anachotibiwa yeye. Mapokezi waliniuliza mambo mawili: nyumbani mko wangapi, na mnaingiza kiasi gani kwa mwezi. Nikatoa hati za mshahara. Nikalipa dola 20, nikaonwa na daktari aliyenitazama usoni, nikapimwa damu, na dawa za presha zikanitoka dola 6. Leo nasoma 128 kwa 80. Mjue kwamba ninapoandika haya siandiki kuhusu ofisi. Naandika kuhusu mahali paliponirudishia uhai wangu.

Sasa. Mwezi uliopita walifanya mkutano wa wagonjwa. Nikanyosha mkono nikasema: mnafunga saa kumi na moja jioni, zamu yangu inaisha saa kumi na mbili, kila nikija kupima presha nakatwa mshahara wa nusu siku. Watu wengi wakapiga makofi, wengine wakaitikia kwa Kihispania. Baada ya mkutano mkurugenzi akanifuata akaniuliza kama ningependa kuingia kwenye bodi, kuna nafasi mbili za wagonjwa ziko wazi.

Wanataka kupanua huduma. Mpango wa kwanza ni kujenga tawi jipya ng'ambo ya barabara kuu, karibu na kiwanda cha nyama, ambako wamejaa watu wetu kutoka Kongo na Burundi na hakuna hata daktari mmoja. Mchoro wa jengo tayari umebandikwa ukutani, mzuri sana. Mpango wa pili ni kubaki hapahapa lakini kufungua jioni siku tatu kwa wiki, na Jumamosi hadi mchana. Wanasema fedha hazitoshi kufanya yote mawili. Bodi itaamua ndani ya miezi miwili.

Maswali yangu. Je, kura ya mtu kama mimi ina uzito, au ninawekwa kiti ili pawe na sura ya mgonjwa kwenye picha? Fedha hizi zinatoka wapi hasa, na kwa nini hazitoshi? Na nyinyi mngechagua lipi? Moyo wangu uko kwenye saa za jioni, lakini naogopa kwamba moyo wangu unajitazama wenyewe tu.

Nesi wa Zamu

Mama Tausi, pole na hongera.

Mimi ni nesi, nina miaka 11 kwenye vituo hivi, ingawa si Texas. Kura yako ina uzito kamili. Vituo hivi vinaendeshwa chini ya Ibara ya 330 ya sheria ya afya ya umma, na sharti lake ni kwamba zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi wawe wagonjwa wa kituo chenyewe, watu waliohudumiwa pale angalau mara moja ndani ya miezi 24 iliyopita. Wajumbe ni kuanzia 9 hadi 25, na bodi hukutana kila mwezi. Bodi hiyo ndiyo inayopitisha bajeti, inayoamua huduma zitolewe wapi na saa ngapi, inayomwajiri mkurugenzi na inayoweza kumwondoa. Mfanyakazi wa kituo haruhusiwi kuwa mjumbe, wala mke wake, mume wake, au ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo yule mkurugenzi aliyekufuata, kwa sheria, ni mwajiriwa wenu. Nimeona wagonjwa wakikaa kwenye bodi miaka mitatu bila kuuliza swali kwa sababu walidhani wamealikwa kusikiliza. Usiwe hivyo.

Kuhusu tawi, nikueleze yaliyotokea mahali nilipofanya kazi zamani. Tulifungua tawi la tatu. Utepe ukakatwa, wakubwa wa mji wakaja, picha zikapigwa. Vyumba sita vya kuwaona wagonjwa, vipya, vinanukia rangi. Aliyekuwa na leseni ya kuona wagonjwa alikuwa mmoja, tena siku nne kwa wiki. Vyumba vitatu viligeuka stoo ya maboksi ya glovu kwa mwaka na nusu. Watu walijiandikisha kwa furaha, halafu wakaambiwa miadi ya karibu ni baada ya wiki saba. Mgonjwa wa sukari anayeanza insulini hangoji wiki saba. Walirudi walikotoka, emajensi.

Ukikaa mezani, uliza hivi: miadi ya tatu iliyo wazi ni ya lini? Ya kwanza na ya pili zinaweza kuwa bahati, mtu kaghairi asubuhi hiyo. Ya tatu ndiyo inayoonyesha foleni halisi. Kama kwenye kituo mlicho nacho sasa miadi ya tatu iko wiki tano mbele, basi hamna watabibu wa kutosha hata kwa milango iliyopo, na jengo jipya litawagawa hao hao wachache. Uliza pia nafasi ngapi za watabibu ziko wazi na zimekaa wazi kwa muda gani. Uliza wangapi wamekuja kupitia mpango wa serikali kuu unaowalipia madaktari na manesi sehemu ya mikopo yao ya chuo wakikubali kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba. Wengi huja kwa miaka miwili. Ukijua mkataba wa nani unaisha lini, utajua nani ataondoka kabla rangi ya tawi haijakauka.

Lakini usidhani saa za jioni ni bure. Jioni inahitaji mtabibu, msaidizi, mtu wa mapokezi, mtu wa kuchukua damu na mlinzi, wote kwa wakati mmoja. Na inahitaji famasi! Sisi tulifungua jioni tukasahau famasi. Watu walionwa saa moja usiku, wakatoka na maagizo ya dawa, famasi ya kituo ilishafungwa, na kwenye maduka ya kawaida dawa ile ile ilikuwa mara kumi ya bei. Ilituchukua miezi minne kulirekebisha, na ndani ya miezi hiyo nilimwona baba mmoja aliyerudi na miguu imevimba kwa sababu hakupata vidonge vyake vya moyo. Sijamsahau.

Nikiwa ni mimi, saa za jioni kwanza. Watu walioko kwenye vitabu vyenu tayari, wanaokatwa mshahara ili wapime presha, hao mnajua majina yao na hali zao.

Na ile bili ya dola 3,870. Hospitali nyingi kubwa zimesajiliwa kama zisizo za faida, na hizo zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Muda wa kuomba ni siku 240 tangu bili ya kwanza ilipotolewa, kwa hiyo kwako umeshapita, lakini piga simu uombe hata hivyo. Wengine wanaosoma hapa: msilipe hata senti kabla hamjaomba fomu hiyo.

Ng'ambo ya Barabara

Nesi, nakuheshimu, lakini nitasema kama mtu anayekaa upande ambao mnauzungumzia. Si mji wa Mama Tausi, ni mji mwingine wa Texas, ila ramani ni ile ile: barabara kuu katikati, kituo upande mmoja, sisi upande mwingine na kiwanda.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya miezi saba alikuwa anapanda mabasi mawili. La kwanza linapita kila baada ya dakika 50. Likichelewa, la pili limeondoka. Alitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa kuonwa dakika 15. Akikosa miadi mara mbili, jina lake linawekwa alama ya mtu asiyekuja, na hapo anapewa miadi ya mbali zaidi. Hakuna aliyemuuliza amekujaje.

Mkifungua hadi saa mbili usiku kwenye jengo lile lile, sisi basi la mwisho linatuacha. Jioni yenu haitufikii. Hao mnaowajua majina ni wale wanaoweza kufika. Sisi hamtujui majina kwa sababu hatufiki.

Mama Tausi, umesema unaogopa moyo wako unajitazama wenyewe. Endelea kuogopa hivyo hivyo, itakusaidia.

Mhasibu wa Jamii

Nijibu la fedha, maana ndilo wengi hukaa nalo gizani, na bila hilo mtabishana tawi na jioni mpaka kesho.

Kituo chenu kina mifereji kadhaa ya fedha. Mkubwa, kwa nchi nzima, ni Medicaid. Mgonjwa wa Medicaid akionwa, kituo kinalipwa kiwango kilichopangwa kwa kila ziara, na kiwango hicho kilikokotolewa kutokana na gharama halisi za kituo. Mgonjwa asiye na bima analeta dola 20 zake. Pengo lake linazibwa na ruzuku ya serikali kuu. Sasa sikilizeni: ruzuku haikui kila asiye na bima anapoongezeka. Ni kiasi kilekile cha mwaka, waje 1,000 au waje 3,000. Ndiyo maana kituo cha jimbo lililopanua Medicaid kinaweza kuongeza watu na kusimama, na cha Texas kikiongeza watu huenda kikawa kinajichimbia. Si uchoyo wa mkurugenzi. Hesabu ndiyo imekaa hivyo.

Mfereji mwingine ni dawa. Tangu 1992 upo mpango uitwao 340B, ambao unazitaka kampuni za dawa zitoe bei iliyopunguzwa sana kwa vituo kama hivi. Dola 6 zako, Mama Tausi, kwa kiasi kikubwa zimetoka huko.

Ruzuku yenyewe ina historia ya kuyumba. Sheria ya bima ya 2010 ilitenga dola bilioni 11 kwa miaka mitano kwa ajili ya vituo hivi, na kweli vikaongezeka sana: mwaka 2023 vilihudumia watu zaidi ya milioni 31. Lakini mfuko ule hauna umri wa kudumu, lazima Bunge liurudie kila baada ya muda. Septemba 30, 2017 ulikwisha muda, na haukupata uhakika tena mpaka Februari 2018. Fikiria wewe ni mkurugenzi katika miezi hiyo: utamsainisha daktari mkataba wa miaka mitatu? Utakodi jengo? Nilikuwa kwenye kituo kimoja wakati huo. Tulizuia ajira zote, na madaktari wawili tuliokuwa tumeshawahoji wakaenda kwingine. Na sasa sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaibana Medicaid. Watakaopoteza bima watakuja kwenye mlango huu huu.

Kwa hiyo kwenye kikao, fedha za tawi zikitajwa, uliza: hizi ni za ujenzi au za uendeshaji? Fedha za ujenzi ni za mara moja. Mishahara ni kila baada ya wiki mbili. Omba uonyeshwe bajeti ya mwaka wa pili na wa tatu wa tawi, na uulize wamekadiria asilimia ngapi ya wagonjwa watakuwa na Medicaid. Kama kiwanda kile kinatoa bima, hesabu inabadilika. Kama hakitoi, inabadilika zaidi.

Na kuna njia ya tatu ambayo sijaona ikitajwa hapa. Huduma si lazima iwe jengo. Inaweza kuwa gari la kliniki, au vyumba viwili vya kuazima kwenye shule au ukumbi wa kanisa, mara mbili kwa wiki. Sharti moja kubwa: eneo hilo jipya lazima liombewe kibali HRSA, idara ya serikali kuu inayosimamia vituo hivi, KABLA ya kuanza. Watabibu wa kituo wanalindwa na serikali kuu wakishtakiwa kwa kosa la tiba, lakini ulinzi huo unahusu kazi na maeneo yaliyoidhinishwa tu. Msianze kwa hisani halafu mkafuata karatasi.

Mkalimani

Nitasema machache. Mpanue jioni, mpanue ng'ambo, mkimsahau mkalimani mmejenga ukuta.

Wiki iliyopita nilitafsiri kwa simu, mama wa Kongo na daktari. Daktari anasema kunywa kidonge hiki kimoja kila siku. Mama anaitikia ndiyo, ndiyo. Nikaona ndiyo zimezidi. Nikaomba ruhusa ya daktari nimuulize mama arudie alichoelewa. Alikuwa ameelewa kwamba ni kidonge kimoja kila anapoumwa. Alikuwa na presha, na presha haiumi. Kabla ya hapo alikuwa anatafsiriwa na mwanawe wa miaka 12. Mtoto wa miaka 12 anajuaje neno la figo?

Sheria iko upande wetu: kituo kinachopokea fedha za serikali kuu lazima kitoe mkalimani bila malipo, na tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 msingi huo upo. Piga namba ya kituo chenu saa tatu usiku, Mama Tausi. Wanatakiwa kuwa na mtaalamu anayepatikana kwa simu baada ya saa za kazi. Jaribu uongee Kiswahili uone kinachotokea, halafu uwaeleze bodi.

Jambo la pili ni hofu. Punguzo la ada linatazama kipato na idadi ya watu wa nyumbani, basi. Lakini Julai 2025 wizara ya afya ya serikali kuu ilitangaza kutaka kuvihesabu vituo hivi kama manufaa yanayowabagua watu kwa hali ya uhamiaji, majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga, na tangu hapo naona viti vitupu. Hata wenye karatasi zote wanaghairi. Kituo chenu kina maelezo gani ukutani, kwa lugha zetu? Kama hakina, hilo ni la kikao chako cha kwanza.

Mzee wa Delta

Wanangu, nimeishi Mississippi miaka mingi, niwaambie kidogo vitu hivi vilikotoka, maana vinamhusu Mama Tausi kuliko anavyodhani.

Miaka ya 1960, wakati Rais Johnson ametangaza vita dhidi ya umaskini, madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Tufts, Jack Geiger na Count Gibson, waliomba fedha za kuanzisha vituo viwili. Kimoja kilifunguliwa Columbia Point huko Boston mwishoni mwa 1965. Cha pili kilikuwa Mound Bayou, mji wa hapa Delta ulioanzishwa mwaka 1887 na Waafrika waliotoka utumwani. Na wazo alilitoa wapi Geiger? Afrika. Mwaka 1957, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda Afrika Kusini, kwenye kituo cha Pholela kilichoanzishwa na Sidney na Emily Kark mwaka 1940 miongoni mwa Wazulu. Huko aliona daktari akianza kwa kujua kaya moja moja: wanakula nini, maji wanachota wapi. Kwa hiyo msikae kwenye bodi hizo kama wageni. Mbegu yenyewe imevuka bahari kutoka kwetu.

Walipofika Mound Bayou hawakuanza kwa kuonyesha mchoro. Walikaa na watu makanisani na sebuleni wakauliza mnataka nini. Watu walitaja chakula, maji safi, nyumba zisizovuja, kazi. Basi kituo kikachimba visima, kikajenga vyoo, kikasaidia kuunda ushirika wa mashamba. Madaktari waliandika chakula kwenye karatasi za dawa, na duka likapeleka bili kwenye famasi ya kituo. Serikali ilipolalamika kwamba fedha za famasi ni za dawa, Geiger akajibu kwamba vitabu vyake vya udaktari vinasema tiba ya utapiamlo ni chakula.

Kituo kile bado kipo. Wewe umepewa kazi ya kuuliza. Yule ndugu wa ng'ambo amekwambia mke wake hakuulizwa amekujaje. Anzia hapo, mwanangu.

Mama Tausi

Ndugu zangu, nimesoma kila neno mara mbili. Kaka wa ng'ambo, nimekusoma mara tatu. Mwambie shemeji nampa pole ya zile saa nne, na kwamba nilikosea kuandika kana kwamba watu wa upande ule ni hoja ya mpango fulani.

Niwape yaliyotokea. Nimekubali kuingia. Kabla ya kusaini nilimwomba mkurugenzi vitu vitatu, na alinipa bila kusita, namshukuru. Cha kwanza, orodha ya wagonjwa wa mwaka jana kwa msimbo wa posta, bila majina. Kumbe vituo hivi hulazimika kuiandaa kila mwaka na kuipeleka HRSA. Eneo la kiwanda lina wagonjwa 212 tu. Upande wetu una zaidi ya 6,000. Nikakumbuka maneno ya kaka: hamtujui majina kwa sababu hatufiki. Mwezi mmoja uliopita ningeisoma 212 kama ushahidi kwamba kule hakuna haja.

Cha pili, miadi ya tatu iliyo wazi. Kwa mtu mzima mpya ni siku 31. Nafasi za watabibu zilizo wazi ni mbili, moja ina miezi tisa. Nesi, ulijua.

Cha tatu, bajeti ya tawi ya mwaka wa pili. Hiyo hakuwa nayo. Alisema inaandaliwa. Nikamwambia kwa heshima kwamba sitapiga kura kabla sijaiona.

Halafu jana usiku nikapiga simu ya kituo saa tatu, kama Mkalimani alivyoniagiza. Nikaongea Kiswahili. Mtu wa kwanza alikata. Nikapiga tena, nikarudia "Swahili, Swahili", nikangoja dakika 14, mkalimani akapatikana, na nesi wa zamu akanijibu vizuri kabisa. Nimeandika zote mbili, ile ya kukatwa na ile ya kujibiwa.

Nitakachopeleka kwenye kikao ni hiki: jioni mbili kwa wiki kwenye kituo tulicho nacho, famasi ikiwa wazi, na jioni ya tatu ipelekwe ng'ambo, kwenye vyumba vya kuazima, kibali cha HRSA kikishapatikana. Mchungaji wetu ana mwenzake kule mwenye ukumbi na maji ya bomba. Mchoro wa jengo usubiri mpaka nafasi zile mbili zipate watu. Sijui kama watakubali. Wajumbe wengine wana miaka mingi pale, na baadhi yao wameupenda sana ule mchoro.

Lakini kabla ya kikao, Jumamosi hii mimi na yule mama wa Bukavu tunapanda hayo mabasi mawili kwenda ng'ambo, tutakaa nje ya kanisa lao baada ya ibada ya asubuhi na daftari. Swali la kwanza tumeshaliandika juu ya ukurasa: mara ya mwisho ulipougua, ulifikaje kwa daktari? Kaka, kama una maswali mengine ambayo tungepaswa kuuliza, niandikie kabla ya Ijumaa usiku, nitakuwa macho baada ya zamu.